Barua ya Kuomba Kazi Ni Shahidi wa Mwombaji



Mtu apitaye barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kuiacha Malili, mahali unapojengwa mji mpya wa Konza, hufika Salama katika Kaunti ya Makueni. Hapo malori husimama mchana na usiku. Madereva hula, hupumzika na kukagua magari yao. Wauza matunda na wachoma nyama hupata riziki. Na kando ya barabara wako vijana wenye grisi mikononi, ambao wakiisikiliza injini ya dizeli kwa kitambo kidogo hujua palipoharibika. Ufundi huo hawakuupata kwa siku moja. Waliupata kwa kushika spana miaka mingi chini ya fundi mkuu, juani na mvuani.

Hata hivyo nafasi ya kazi ya mshahara inapotangazwa, huenda akaitwa mtu mwingine kwa mahojiano, naye fundi wa Salama akabaki kusema, "Kazi hizi zina wenyewe." Upendeleo hauwezi kukanushwa kwamba upo mahali pengine, na sheria zimewekwa kuuzuia, kama itakavyoelezwa. Lakini iko sababu ya pili ambayo haisemwi sana. Barua ya fundi yule haikumwambia msomaji jambo lolote ambalo lingeweza kumtambulisha. Mikono yake inajua kazi, lakini karatasi yake haijui.

Basi neno la hotuba hii ni moja: maombi ya kazi ni ushahidi. Yanaposomwa, mwombaji hayumo chumbani. Hawezi kufafanua, wala kusahihisha, wala kuonyesha kwa vitendo. Asemalo lolote juu ya nafsi yake lazima liwe wazi, liwe kweli, na liwe na kitu cha kulithibitisha.

KIPANDE NA KALAMU

Watu wa Ukambani wamesimuliwa na wazee wao habari za kipande. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, nayo ilitiwa katika kikebe cha bati kilichovaliwa shingoni. Karatasi ile ilionyesha mtu alifanya kazi wapi, alianza lini, alitoka lini, na alilipwa mshahara gani. Aliyeijaza ni mwenye kazi. Mfanyakazi hakuandika hata neno moja. Mwenye kazi alipokataa kutia sahihi ya kumwachilia, mtu yule hakuwa na njia ya halali ya kutafuta kazi kwingine, na akiondoka aliweza kushtakiwa. Kipande kilichukiwa sana na kulalamikiwa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1947 ilipotungwa sheria nyingine ya kuandikisha watu wa mataifa yote.

Barua ya maombi ni kinyume cha kipande. Hapa mwenye kushika kalamu ni mwombaji mwenyewe, naye ndiye achaguaye mambo yatakayosemwa. Ni hasara kubwa basi mtu akipewa kalamu hiyo aandike barua ambayo ingeweza kuandikwa na mtu mwingine yeyote.

TANGAZO LISOMWE MARA MBILI

Kazi ya kwanza si kuandika, bali kusoma. Tangazo lisomwe mara ya kwanza ili kujua kazi yenyewe ni nini. Lisomwe mara ya pili kwa penseli mkononi, na kila sharti lipigwe mstari: ni vyeti gani vinavyotakiwa, ni miaka mingapi ya kazi, maombi yapelekwe wapi na kwa njia gani, na siku ya mwisho ni ipi. Kama nafasi ina nambari yake, nambari hiyo inakiliwe bila kosa, kwa maana bahasha au waraka usiokuwa na nambari waweza kutiwa katika fungu lisilo lake.

Kisha mwombaji achukue ukurasa wa daftari na kuugawa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto aandike kila jambo linalotakiwa. Upande wa kulia aandike alicho nacho kuhusu jambo hilo, pamoja na ushahidi wake. Kama tangazo lasema sharti fulani ni la lazima, naye upande wake wa kulia ni mtupu, afadhali ahifadhi nauli yake kwa nafasi nyingine. Lakini kama tangazo lasema tu kwamba jambo hilo litakuwa faida zaidi, asirudi nyuma. Watu wengi hujikataa wenyewe kabla ya kukataliwa na mwajiri.

Yafaa ijulikane pia kwamba tangazo si fadhila. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 huiamuru bodi ya utumishi wa umma ya kila kaunti itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale waliokuwa wakiachwa nyuma. Tena huiamuru bodi kuweka kumbukumbu za maombi yaliyopokewa. Sheria iyo hiyo yataka, katika nafasi za kuanzia kazi, angalau asilimia 30 zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Kwa hiyo mzaliwa wa Makueni asiogope kupeleka maombi katika kaunti nyingine, wala mgeni aliyehamia Salama asidhani kwamba ofisi za Wote zimefungwa kwake.

MFANO WA BARUA MBILI

Chukueni mfano wa kijana fundi wa Salama. Amesoma tangazo la nafasi ya fundi wa mitambo ya dizeli. Linataka cheti cha majaribio ya ufundi cha daraja la pili, miaka mitatu ya kazi, na uwezo wa kuweka hesabu ya vipuri. Kijana aliketi usiku akaandika hivi:

"Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa naomba kazi yoyote katika ofisi yako tukufu. Mimi ni kijana mwenye bidii, mwaminifu na mchapa kazi. Nimepata taabu nyingi na nina watu wanaonitegemea. Nitashukuru sana ukinifikiria. Mungu akubariki."

Asubuhi aliipeleka kwa mjomba wake, mzee aliyekuwa karani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mzee akaisoma, akavua miwani.

"Barua hii ina adabu, mpwa wangu," akasema. "Sasa niambie, huko gereji wafanya kazi gani?"

"Natengeneza magari, mjomba."

"Magari ya namna gani?"

"Malori ya dizeli. Hasa gia, breki za hewa na pampu za mafuta."

"Mangapi kwa juma?"

"Matano, pengine sita."

"Na vipuri vikinunuliwa, ni nani anayeandika hesabu?"

"Ni mimi, mjomba. Daftari ninalo tangu mwaka wa kwanza. Sasa ni mwaka wa nne."

"Cheti je?"

"Nilifanya majaribio mwaka uliopita, nikapata daraja la pili."

Mzee akamrudishia ile karatasi. "Basi mbona hayo yote hayamo humu?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Nilidhani hayo si kitu," akajibu.

Hapo ndipo maombi mengi yanapoharibika. Kijana aliona kwamba kazi yake ya kila siku haistahili kuandikwa, na kwamba barua ya kuomba kazi ni mahali pa kunyenyekea na kueleza shida. Lakini msomaji wa maombi hana kipimo cha shida. Barua mia zikisema "mimi ni mchapa kazi", hawezi kujua ni ipi iliyo ya kweli. Na "kazi yoyote" si jina la kazi iliyotangazwa. Barua ya pili, aliyoiandika mbele ya mjomba wake, ilikuwa hivi:

"KUH: NAFASI YA FUNDI WA MITAMBO YA DIZELI. Naomba nafasi iliyotajwa hapo juu, kama ilivyotangazwa. Kwa muda wa miaka minne nimefanya kazi ya kutengeneza malori ya dizeli hapa Salama, hasa gia, breki za hewa na pampu za mafuta. Kwa kawaida hutengeneza malori matano au sita kwa juma. Tangu mwaka wa kwanza nimeweka daftari la vipuri vilivyonunuliwa na vilivyotumika, nami naweza kulileta. Nina cheti cha majaribio ya ufundi, daraja la pili. Nakala ya cheti hicho nimeiambatisha, pamoja na barua ya fundi mkuu ninayefanya kazi chini yake. Naweza kufika kwa mahojiano siku nitakayoitwa. Wako mwaminifu."

Barua hii haijisifu. Haina hata neno moja la "bidii", lakini msomaji ameiona bidii yenyewe. Kila sharti la tangazo limejibiwa kwa utaratibu wake, na kila jibu lina shahidi: cheti, daftari, na fundi mkuu. Na kuhusu lugha, Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi za Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010; lakini ni busara kujibu kwa lugha iliyotumiwa katika tangazo. Mambo ya barua ni yale yale katika lugha yoyote.

KUUPATIA UFUNDI KARATASI

Wako wasemao, "Mimi sina cheti, nilijifunza kwa macho na mikono." Kwa watu hao iko njia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda hufanyiza majaribio ya ufundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na mtu aliyejifunzia kazini aweza kuyafanya. Seremala, fundi umeme, mwashi, mshonaji na fundi wa magari, wote yawafaa kuuliza habari zake mapema, wasingoje mpaka tangazo litoke.

Njia nyingine ni kudai haki ya mfanyakazi anapotoka kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi kwa muda usiofika majuma manne mfululizo. Cheti hicho huonyesha jina la mwajiri na la mfanyakazi, siku ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Mwajiri halazimishwi kuandika sifa za mtu. Hilo ni hiari yake. Lakini kuthibitisha kwamba mtu alifanya kazi, hilo ni wajibu. Mfanyakazi akiombe cheti hicho siku anayoaga, kwani baada ya miaka mitatu huenda gereji imefungwa au mwenyewe amehama.

WASIFU NA WASHUHUDA

Pamoja na barua huenda wasifu. Kwa watu wengi kurasa mbili zatosha. Juu kabisa yawekwe majina kama yalivyo katika kitambulisho, anwani na nambari ya simu inayopatikana. Kisha elimu na kazi, kuanzia za karibuni kwenda za zamani, kila moja na mwezi na mwaka wake. Kama kuna mwaka mmoja ulipita bila kazi ya mshahara, usifichwe kwa kuvuta tarehe. Aliyelima ndengu za kuuza, aliyetunza mgonjwa nyumbani, au aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha mwethya, aseme hivyo. Kuweka fedha za watu ishirini bila kupungukiwa shilingi ni kazi, na wenzake wanaweza kuishuhudia.

Majina yachunguzwe sana. Kama cheti cha shule kina majina mawili na kitambulisho kina matatu, au herufi zimekosewa, jambo hilo lirekebishwe mapema katika ofisi zinazohusika.

Wale watakaotajwa kuwa washuhuda waombwe ruhusa kwanza, tena waelezwe ni kazi gani inayoombwa. Mwalimu mkuu apigiwaye simu na ofisi asiyoitarajia, kuhusu mtu aliyemfundisha miaka kumi iliyopita, hawezi kumfaa mwombaji.

Ama mambo ya dini, kabila, ndoa au afya, fomu ikiyauliza yajazwe kwa kweli. Isipoyauliza, hayana haja. Sheria ya Ajira hukataza ubaguzi dhidi ya mfanyakazi na hata dhidi ya mtu anayeomba kazi, kwa sababu ya rangi, jinsia, dini, kabila, ulemavu, uja uzito au hali ya virusi vya ukimwi.

GHARAMA NA HILA

Kuna kijana aliyeuza mbuzi ili apate fedha za kutafuta hati za uadilifu: ya polisi, ya mamlaka ya ushuru, ya mikopo ya elimu, ya tume ya maadili, na ya madeni. Yafaa watu wajue kwamba mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, ikamkataza mwajiri kudai hati hizo kabla hajakusudia kumwandikia mtu mkataba wa kazi. Mbuzi aweza kubaki zizini mpaka siku ya haja.

Vile vile kuomba kazi hakuna ada. Mtu asemaye, "Lete kidogo nikuwekee jina lako juu," anauza kitu kisicho chake. Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 humwadhibu atoaye na apokeaye. Na kwa wale wanaoitwa kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, wasitoe paspoti wala fedha kabla ya kuhakikisha kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Hila iliyo mbaya kuliko zote ni cheti cha kughushi. Mwaka 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza vyeti vya walioajiriwa katika miaka kumi iliyotangulia vikaguliwe. Taarifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba vyeti zaidi ya 2,000 vilikuwa vya uongo. Wako watu walioshtakiwa kwa makosa ya namna hiyo, na wako walioamriwa na mahakama kurudisha mishahara waliyokwisha kuila. Fikirini hali ya mtu mwenye watoto shuleni, anayetakiwa kulipa mshahara wa miaka minane. Zaidi ya hayo, wengine walikuwa wakiifahamu kazi vizuri. Karatasi ya uongo iliuharibu hata ufundi wao wa kweli.

KUPELEKA MAOMBI

Siku hizi maombi mengi hupelekwa kwa mtandao, na mtu asiye na kompyuta huenda katika duka la saiba. Aende siku tatu au nne kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu siku ya mwisho mtandao huelemewa na umeme huweza kukatika. Vyeti vipigwe picha vizuri, visomeke, vikatiwe jina la mwombaji mwenyewe badala ya kuachwa na jina alilolipa mashine. Anwani ya barua pepe iwe ya majina yake, si ya lakabu ya utani. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kupeleka, asome tena yote kwa sauti ndogo. Akiisha kupeleka, ahifadhi jibu la kupokewa, afunge akaunti yake, afute nakala za kitambulisho chake katika kompyuta ile, wala asimwachie mwenye duka neno lake la siri.

Kama tangazo lataka bahasha ipelekwe kwa mkono, mwombaji aone inapoandikwa katika daftari la mapokezi. Kama ni kwa posta, ahesabu siku za safari. Kwa vyovyote, nakala ya barua na ya tangazo ziwekwe katika jalada nyumbani. Siku ya mahojiano maswali mengi hutoka katika barua yenyewe, na ni aibu mtu kutokumbuka alilolisema.

Jibu lisipokuja, inaruhusiwa kuuliza kwa adabu. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa mwananchi haki ya kuomba habari katika ofisi ya umma, nayo ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Kuuliza si ugomvi.

NENO LA MWISHO

Barua nzuri haiumbi nafasi za kazi. Nafasi ni chache, na waombaji ni wengi, wala haifai kumdanganya kijana kwamba akiandika vizuri lazima ataajiriwa. Lakini iko tofauti kubwa kati ya kukataliwa baada ya kujulikana, na kukataliwa bila kujulikana. Fundi wa Salama aliyeandika barua ya pili, hata akikosa nafasi ile, amekwisha kuweka jalada lake sawa: cheti, daftari, barua ya fundi mkuu, na maneno yake mwenyewe yaliyopimwa. Tangazo lingine likitoka, hataanza upya.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwenyewe si kule kwa barua ya kwanza, ya kunyenyekea mbele ya ofisi tukufu. Ni kuinama juu ya meza, usiku, na taa, na daftari, mpaka karatasi iijue kazi kama mikono inavyoijua.